Neno la mtaani liandikwe pamoja na rika la msemaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala unaoendelea gazetini kwako kuhusu lugha ya vijana. Si kweli kwamba vijana wa Mwanza hawajui maana ya maneno wanayotumia. Chukua "mzuka". Kwa mzee wa Kirumba ni pepo, na umbo lenyewe linaonyesha kuwa limetokana na kitenzi "zuka", yaani kutokea ghafla. Kijana wa Igoma akisema "nina mzuka", ana hamasa. Ule ughafla haujapotea: zamani kilichomzukia mtu kilikuwa pepo, leo ni msisimko.

"Mchizi" limekwenda mbali zaidi, kutoka wazimu hadi rafiki wa karibu, na hapo hadhari inahitajika. Kijiweni kwa bodaboda linajenga urafiki. Mbele ya familia inayouguza mgonjwa wa akili linaumiza, kwa sababu maana ya kwanza bado iko hai.

Napendekeza walimu wa Kiswahili sekondari waanzishe daftari la maneno haya. Kila neno liandikiwe sentensi nzima ilivyosemwa, rika la msemaji, mahali (mwaloni, sokoni, ofisini) na aliyekuwa akiambiwa. Orodha zenye kisawe kimoja tu, kama "mchizi: rafiki", hupotosha, hazisemi nani asiambiwe. Kisha mwanafunzi amsomee bibi au babu sentensi hiyo hiyo, aandike mzee huyo alivyoielewa, na tarehe. Gazeti lako litenge safu ndogo ya kuchapisha maingizo hayo.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza