Shukrani kwa fundi wa pale Mwanga

Kaka uliyenisaidia jioni ile Mwanga, hapa Kigoma, jina lako sikulipata, ila popote ulipo pokea shukrani zangu.

Tangu betri ya gari ibadilishwe, vioo vya milango vilikuwa vinakwama kwenye paa. Gari lenyewe ni la paa la turubai la kukunja. Milango haina fremu juu, kioo kinaingia moja kwa moja kwenye raba ya paa. Ukifunga mlango, ukingo wa kioo unagonga raba na kuikunja, na upande wa dereva ilishaanza kuchanika. Iliniuma sana. Nikaambiwa ninunue mota mpya za kupandisha vioo, tena zote mbili.

Wewe ulivuta kitasa taratibu, ukainama kutazama ukingo wa kioo. Hakikushuka. Ukanieleza kwamba kinatakiwa kishuke kidogo, sentimita 1 hivi, mlango unapofunguliwa, kisha kipande juu tena mlango ukishafungwa. Na betri ikitolewa, magari mengi ya aina hii husahau kioo kinaishia wapi. Ukakishusha hadi chini huku umebana swichi, ukakipandisha, ukaendelea kuibana sekunde kadhaa. Upande wa pili vilevile. Halafu ukafuta vumbi jekundu kwenye raba, ukaipaka silikoni, ukanikataza grisi kwa sababu inalainisha raba hadi inaharibika.

Hela ulikataa. Mungu akuzidishie, kaka. Ukisoma hapa, niambie gereji yako iko wapi, wateja nitakuletea.