Barua kwa sahibu yangu kuhusu bastola kiunoni

Houston, Texas

Sahibu yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na sikutaka tulizungumzie kaunta mbele ya wateja, ukaja kudhani nimekuvunjia heshima.

Jumamosi iliyopita ulipoingia dukani kwangu kuchukua unga na mchele, bastola yako ilikuwa kiunoni ndani ya ala, shati umelichomeka, kila mtu anaiona. Ulinisalimia kama siku zote ukapitiliza hadi nyuma kwenye magunia, kwa hiyo kilichofuata hukukiona. Yule mama wa Kikongo anayekuja kila mwisho wa wiki alikuwa amesimama kwenye majokofu, kapu lake lina dagaa, mawese na pakiti mbili za sombe, yaani kisamvu. Macho yake yalipotua kiunoni mwako, alimshika mwanawe ukosi wa fulana akamvuta kwake, akaliweka kapu sakafuni polepole, kama mtu anayechelea hata chupa zisigongane, kisha akatoka bila kugeuka. Mama huyo alikulia Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo kwenye vita, na aliwahi kumsimulia mke wangu namna walivyokimbia kijijini kwao usiku. Sombe niliirudisha kwenye friza kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu siku ile sijamwona tena.

Sisemi kwamba ulivunja sheria. Wewe ni raia, na sheria za jimbo hili unazijua kuliko mimi: tangu Januari 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola waziwazi ikiwa ndani ya ala, na tangu Septemba 2021 hata leseni si lazima kwa aliyetimiza miaka 21 na ambaye hana kizuizi cha kisheria cha kumiliki silaha. Wala sikuombi uiuze. Mimi ndiye niliyekaa nawe hospitalini usiku ule ulipoporwa gari kwenye kituo cha mafuta, nikauona mkono wako ukitetemeka hata kikombe cha chai usiweze kukishika, na siwezi kumwambia mtu aliyepitia hayo kwamba hana haja ya kujilinda.

Ninachokiomba ni busara ya mahali. Bastola iliyo chini ya shati inakulinda sawasawa na iliyo juu yake, tena pengine zaidi, maana aliyeinama kunyanyua gunia la kilo 20 hana jicho la kuchunga kiuno chake, na mwizi mwenye nia atakiona kiuno hicho kabla hujamwona yeye. Mimi nakujua, lakini aliyekutana nawe kwa mara ya kwanza kati ya rafu mbili hana njia ya kuijua nia yako. Anachokiona ni silaha, na analazimika kuamua papo hapo kama akae au akimbie.

Kampuni kubwa zimelipitia jambo hili kabla yangu. Mwaka 2013 mkuu wa Starbucks, wenye migahawa ya kahawa, aliwaandikia wateja barua ya wazi akiwaomba wasiingie na silaha, na akafafanua kwamba ni ombi, wala si marufuku, kwa kuwa hakutaka wafanyakazi wake wakabiliane na mtu mwenye silaha. Walmart nao, wenye maduka makubwa, baada ya mauaji ya Agosti 2019 katika duka lao la El Paso, waliwaomba wateja wasibebe silaha waziwazi, ila wenye vibali waliozificha hawakuguswa na ombi hilo. Hoja ile ya wafanyakazi ndiyo inayonigusa zaidi. Kaunta yangu jioni hukaa binti wa miaka 19 anayesoma chuo, naye nitamwambia afanye nini akiingia mtu asiyemjua, bunduki imening'inia begani?

Sasa niruhusu niseme lile lililoninyima usingizi. Tarehe 5 Agosti 2014, katika duka la Walmart huko Beavercreek, Ohio, kijana mweusi wa miaka 22 aitwaye John Crawford alichukua rafuni bunduki ya upepo iliyokuwa ikiuzwa mle mle, akawa anatembea nayo huku anaongea na simu. Mteja mmoja akapiga 911, namba ya dharura, polisi wakaja, wakampiga risasi akafa. Ohio ni jimbo linaloruhusu kubeba silaha waziwazi, na alichokishika hakikuwa hata silaha ya moto. Wewe na mimi ni watu weusi wenye lafudhi, sahibu yangu. Sheria inayokupa haki hiyo utaitumia mahakamani, lakini simu ya mtu aliyeingiwa na hofu inafika kwa polisi kabla yake, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumpelekea shemeji habari hiyo.

Nimenunua kibao kile cha 30.07, namba ya kifungu cha sheria ya Texas, kinachozuia mwenye leseni kuingia na bastola ya wazi, kimeandikwa Kiingereza na Kihispania kwa herufi kubwa kama sheria inavyotaka. Anayekipuuza hutozwa faini isiyozidi dola 200, na akiambiwa kwa mdomo atoke naye akakataa, kosa linakuwa kubwa zaidi. Kipo chini ya kaunta bado kwenye karatasi yake. Sikutaka ukikute mlangoni ukadhani rafiki yako amekufungia duka, ndiyo maana nimetanguliza barua hii. Nitakibandika Ijumaa. Jumamosi njoo kama kawaida, shati lako likiwa nje ya suruali; mchele wa Mbeya umefika, nawe nimekuwekea gunia moja.

Mke wangu atampitia yule mama kesho na mfuko wake wa vitu. Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
mwenye duka