Namba tasa ya tarakimu milioni 41 haikupatikana kwa kugawanya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu namba tasa kubwa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) iliyotangazwa Oktoba 2024 ilinifurahisha, maana hisabati haipati nafasi gazetini kila siku. Tatizo ni pale mwandishi alipoeleza imejulikanaje kuwa ni tasa: eti kompyuta iliigawanya kwa kila namba iliyo chini yake. Hilo halikufanyika, wala haliwezekani.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Hata ukiigawanya kwa namba tasa tu, tena zisizozidi kipeuo chake cha pili, idadi yenyewe ya majaribio ingeandikwa kwa tarakimu zaidi ya milioni 20. Jua litazimika kazi haijaanza.

Kilichotumika kuithibitisha ni kipimo cha Mfaransa Édouard Lucas, kilichoboreshwa baadaye na Mmarekani D. H. Lehmer, nacho kinafaa kwa namba za aina hii tu, 2 kwa kipeo fulani toa 1, ziitwazo namba za Mersenne. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba inayopimwa na kushika baki peke yake. Unarudia hivyo mara zilizo sawa na kipeo toa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Msomaji ajaribu 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5 toa 1: 4 inazaa 14; 14 inazaa 194, baki 8; 8 inazaa 62, ambayo ni 31 mara mbili kamili. Hatua tatu, basi. Kwa ile kubwa ni hatua milioni 136 na ushei, na kila moja ni nzito, lakini zina mwisho.

Ajabu ya njia hii ni kwamba inakataa namba bila kutaja vigawo vyake. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimepewa jina lake, alidai mwaka 1644 kwamba 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 ni tasa. Lucas alionyesha mwaka 1876 kuwa si tasa, ila vigawo havikujulikana hadi 1903, Frank Nelson Cole alipovionyesha: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Mliandika pia kwamba namba hii ya 2024 itaimarisha usalama wa benki. Funguo za siri hutumia namba tasa zenye tarakimu mia chache, tena ambazo hakuna mwingine anayezijua. Hii mmeshaichapisha gazetini!

Mkipata nafasi nyingine, andikeni kuhusu swali lililo wazi bado. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Kama zile za Mersenne nazo hazina mwisho, hakuna aliyethibitisha hadi leo.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa hisabati