Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Ada ya Ushawishi Isimzuie Mtu Kufanya Mtihani

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na majibu hayakuja.

Jumatatu hii mwenzangu wa darasa alizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Karo alikuwa amemaliza, risiti ya benki anayo mkononi. Kilichobaki kwenye mfumo ni shilingi 20,000 za ada mpya mnayoiita ya uwakilishi. Msimamizi akamwambia bila kadi ya mtihani haingii. Alibaki kwenye korido, risiti mkononi, mpaka karatasi za majibu zikakusanywa.

Tuliambiwa fedha hizi ni za kuwapeleka viongozi wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi, Kampala wakawashawishi wabunge waongeze bajeti ya vyuo vya umma, ili tusizidi kubebeshwa gharama. Mheshimiwa, mnatubebesha gharama leo ili watu wakaombe tupunguziwe kesho? Mwananchi yeyote anaweza kupeleka ombi lake Bungeni. Vijana wana wabunge wao 5. Sheria ya vyuo vikuu ya 2001 imewapa wanafunzi viti ndani ya Baraza la Chuo, humo humo ada zinamopitishwa. Na mwaka 2019 wanafunzi wa Makerere, wasichana wakiwa mstari wa mbele, waliandamana kupinga ongezeko la karo la asilimia 15. Walipigwa, wanajeshi wakawafuata hadi mabwenini, lakini nchi nzima iliwasikia. Hawakuhitaji ada ya ushawishi ili wasikike.

Mama yangu anauza samaki wakavu sokoni Arua. Akinitumia pesa kwa simu kuna makato ya kampuni, na nikizitoa kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Kinachobaki ndicho ninachokula. Sasa nimweleze vipi kwamba sehemu ya pesa hiyo imemlipia mtu nauli ya kwenda kuonana na mbunge ambaye yeye mwenyewe alipanga foleni kumpigia kura?

Matumizi yenyewe hatujaonyeshwa. Wengine wanasema zinaishia kwenye hoteli, wengine kwenye kampeni za uchaguzi wa gildi. Mimi naona ndiyo maana ikafanywa ya lazima: ingekuwa hiari, wanaoomba wangelazimika kutueleza kwanza. New Zealand ilipitisha sheria mwaka 2011 kwamba kujiunga na chama cha wanafunzi ni hiari ya mwanafunzi. Hata hapa anayeamini kazi hiyo atachangia, na mimi nikionyeshwa hesabu nitachangia.

Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya ulisimama mbele ya wazazi ukasema hakuna ada itakayoongezwa kabla wanafunzi hawajaulizwa. Mama alikuwepo, alipiga makofi. Hatukuulizwa, Mheshimiwa. Tuliikuta kwenye bili tuliporudi kutoka likizo.

Mitihani inaendelea wiki ijayo na wapo wengine wenye deni hilo hilo. Naomba agizo moja kutoka ofisini kwako: ada hii iondolewe kwenye masharti ya kadi ya mtihani, iondolewe wiki hii, na mwenzangu apangiwe siku ya kufanya mtihani wake.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili