Gari ya stima inanuka kuungua? Njoo na waya wako wa kuchajia pia

Mama mmoja alitujia asubuhi na Nissan Leaf yake, hata hajaegesha vizuri ashashuka, mlango ameuacha wazi, anatuambia fundi betri inaungua, usiku kucha nyumba imenuka plastiki. Tukamwambia mama tulia, kaa hapa kivulini kwanza. Tukaunganisha skana na ile programu ya LeafSpy, jozi zote 96 za seli ziko sawa, joto la betri la kawaida, tukanusa chini ya boneti, tukanusa pale mdomo wa kuchajia, hakuna kitu. Ndio tukamuuliza, waya wa kuchajia uko wapi? Uko kwa buti. Kuufunua tu, harufu ikatupiga puani. Plagi upande mmoja imegeuka rangi ya chai, plastiki imeyeyuka kuzunguka pini moja, ukiigusa ile pini inacheza kama jino linalotaka kung'oka.

Hii tunaiona sana hapa Mombasa. Leaf nyingi zinazofika gereji yetu zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na waya unaokuja nazo ni wa huko huko, plagi yake haiingii kwa soketi zetu. Kwa hivyo mtu ananunua adapta yoyote anayoipata dukani, ama fundi anakata ile plagi anafunga yetu ya pini tatu, gari inachaji, mwenyewe anafurahi. Sasa waya hizo nyingi zimetengenezewa ampea 15, na plagi yetu ni ya ampea 13, tena hiyo 13 ni sawa kwa kitu kama birika, chai ikichemka unazima. Gari yenye betri ya kilowati-saa 24 ikiwa karibu tupu inavuta masaa 7 au 8 bila kupumzika. Na usitegemee fyuzi ya plagi ikuokoe, manake fyuzi ya 13 inaweza kubeba ampea 15 usiku mzima bila kukatika, yenyewe iko tu na plagi inapikika.

Joto linaanzia pale pini inaposhikana na soketi, ama pale skrubu ya waya haikukazwa sawasawa. Chuma cha ndani ya soketi kikipata joto kinapoteza ile nguvu yake ya kubana, kikilegea joto linazidi, joto likizidi kinalegea tena, hivyo hivyo mpaka plastiki inaanza kunuka. Ndio sababu mtu anakwambia nimechaji mwaka mzima na hakukuwa na shida. Shida ilikuwepo, ilikuwa inakua polepole.

Tulienda mpaka nyumbani kwa yule mama, tukakuta ekstensheni ya waya mwembamba, imekunjwa mviringo chini ya meza ya jikoni, na juu yake pazia. Jamani, ekstensheni iliyokunjwa haina pa kutolea joto, msichajie gari hivyo hata siku moja. Tukamvutia laini ya peke yake kutoka kwa bodi, waya mnene wa milimita 6, breka yake, kinga ya kukata stima ikivuja, na boksi la kuchajia la ukutani. Waya wa ardhi tukaupima upya. Kazi hii mpe fundi stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, awe wetu ama wako, lakini awe na leseni.

Sio kila harufu ni plagi lakini. Ikija baada ya safari na iko kwa tairi moja, hiyo ni breki iliyoshika. Gari ya stima inapunguza mwendo kwa mota yenyewe, pedi hazifanyi kazi nyingi, na huku pwani na hii hewa ya chumvi kaliper, zile zinazobana pedi, zinashika kutu. Utaona pia kilomita zinaisha haraka kuliko zamani. Usiguse rimu, lete gari, kaliper tuzifungue tuzisafishe, na ukiziwahi mapema mara nyingi hakuna cha kununua. Harufu ya yai viza mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 12 inachajiwa kupita kiasi, zima gari ulete. Na ukipanda bara mwezi wa Julai ukawasha hita ambayo imelala miezi mingi, vumbi litanuka dakika chache liishe. Isipoisha, ama ikinuka plastiki, zima hita.

Kuna harufu moja ambayo hatutaki uilete kwetu. Ukisikia harufu tamu kali inayofanana na dawa ya kutoa rangi ya kucha, ama chini ya gari panatoka moshi mweupe, panafoka, panalia pa pa pa, hiyo inaweza kuwa betri kubwa. Shusheni watoto, ondokeni mbali, upande ambao upepo hauleti moshi, piga simu zima moto uwaambie waziwazi ni gari ya stima, manake betri hizi zinataka maji mengi sana na zinaweza kuwaka tena hata baada ya masaa mengi. Usirudi kuchukua mkoba. Na nyaya za rangi ya machungwa mtu asiziguse hata gari ikiwa imezimwa, Leaf ikijaa ina karibu volti 400.

Kama harufu inakuja wakati wa kuchaji, zima soketi kwanza ukutani, subiri ipoe, ndio uchomoe. Usijaribu tena "nione kama imeisha". Piga picha ya plagi na ya soketi ututumie kwa WhatsApp hata kama ni usiku, kisha asubuhi njoo na gari, waya, adapta na ekstensheni, vyote. Utuambie ulinusa saa ngapi, gari ikiwa inatembea ama imesimama. Kuangalia waya na plagi hatulipishi.