Barua kwa mwanangu: pima joto kabla hujashika bisibisi

Tanga

Mwanangu Salimu,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeusoma. Umesema laptopu inaamka vizuri asubuhi, ikishafanya kazi kidogo inakuwa nzito, feni inapiga kelele, halafu inaganda hadi uizime kwa kitufe, na mwenzako wa chumba amekuambia bodi, ule ubao mkuu wa ndani, inakufa, uiuze. Usiuze. HP EliteBook 840 G3 ya mtumba ikifanya hivyo, mara nyingi ni joto, mara nyingine ni diski, na bodi ni ya kufikiriwa mwisho. Kujua ni lipi kunatokana na kupima, na kupima ni bure.

Hata kabla ya kupima, nakili ripoti ya mradi wako kwenye flashi, na nakala nyingine jitumie kwa barua pepe. Fanya hivyo leo, mashine ikiwa bado imepoa. Kama mgonjwa ni diski, kila saa unayoendelea kuitumia unayaweka mafaili yako hatarini.

Sasa tazama muda wa kuganda, maana joto lina tabia yake. Ni nadra liigandishe mashine dakika ya kwanza baada ya kuiwasha chumba kikiwa na baridi. Linajikusanya, linafika kikomo, prosesa, yaani ubongo wa mashine, inajipunguzia kasi ili isiungue, na wewe unaona kila kitu kinajikokota. Ukiizima ikapumzika nusu saa, inarudi mzima. Kama yako inaganda hata ikiwa imepoa, au inaganda kila unapofungua faili fulani, ondoa mawazo kwenye joto kwanza.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kichupo cha Performance, kisha CPU. Prosesa yako ni Core i5-6300U: kasi yake ya msingi ni GHz 2.40 na inaweza kupanda hadi 3.00. Ipe kazi nzito, kisha tazama namba mbili kwa pamoja, matumizi na kasi. Matumizi yakiwa asilimia 100 na kasi iko 2.4 au zaidi, prosesa iko huru. Kazi nzito ikiwa inaendelea na kasi imeshuka hadi 1.2 au 0.8 huku feni ikilia, kuna kitu kinaibana. Ila usidanganyike: mashine ikiwa haina kazi, kasi ya 0.8 ni ya kawaida kabisa, inabana matumizi ya umeme. Namba hiyo ina maana pale tu kazi ipo.

Kisha pakua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la mashine, ifungue upande wa sensa peke yake na uiache ikirekodi nusu saa ukiwa unafanya kazi zako za kila siku. Mistari miwili inakutosha: CPU Package, yaani joto lenyewe, na Core Thermal Throttling, inayojibu Yes au No kama joto limeipunguzia prosesa kasi. Kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 100. Kwa chumba cha Dodoma mchana, mashine iliyotulia ikisoma 45 hadi 55 haina neno. Ikiwa kazini, 70 hadi 85 inavumilika. Ikikaa 95 na kuendelea, na mstari wa pili umeandika Yes, basi mchawi umempata.

Hapo usiishie kwenye namba kubwa tu, tazama namna joto linavyopanda. Hili wengi hawaliangalii, nalo ndilo linalokuambia ufungue nini. Joto likiruka kutoka 50 hadi 97 ndani ya sekunde chache tu baada ya kuanza kazi, prosesa haishikani vizuri na hitisinki, kile chuma kinachopokea joto lake: pesti inayopitisha joto kati yao imekauka, skrubu imelegea, au bomba la shaba linalopeleka joto kwenye feni limeharibika. Joto likipanda polepole, robo saa nzima, hadi kufika huko juu, pesti inafanya kazi yake na bomba linasafirisha joto, lakini hewa haipiti. Hilo ni vumbi au feni dhaifu. Kwa upepo wa Dodoma wa kiangazi, mimi ningetarajia la pili.

Kama joto ni la kawaida na bado inaganda, angalia safu ya Disk kwenye Task Manager. Ikikaa asilimia 100 dakika nzima wakati hunakili kitu chochote, pakua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Ikiandika Caution au Bad, soma mistari ya 05, C5 na C6. Thamani ghafi za hiyo mitatu zinatakiwa ziwe sifuri tupu. C5 ikiwa na chochote, kuna sehemu za diski zimegoma kusomeka: toa mafaili yote kwanza, na usianze kwa chkdsk, kikagua diski cha Windows, kwa sababu inailazimisha diski inayokufa isomwe mwanzo hadi mwisho. Diski ya sahani zinazozunguka ikiwa bado ipo humo, badilisha uweke SSD, diski isiyo na sahani, hata kama ya zamani ni nzima. Hakuna hela utakayoiweka kwenye mashine hiyo ikaleta tofauti kubwa kuliko hiyo.

RAM nayo, kumbukumbu ya muda ya mashine: ikijaa zaidi ya asilimia 90, Windows inahamishia mzigo kwenye diski na kila kitu kinakwama. Nafasi ni mbili, aina ni DDR4 ya laptopu. DDR3L haiingii, usiuziwe. Na ukikuta prosesa iko asilimia 60 wakati hujafungua programu yoyote, panga orodha kwa safu ya CPU uone ni nani anayekula. Programu zilizovunjwa leseni ambazo wanafunzi mnapeana kwa flashi huja mara nyingi na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, yaani programu za siri zinazotumia prosesa yako kumtafutia mtu mwingine pesa. Hao wanapasha mashine usiku na mchana, na hapo feni haina kosa lolote.

Chaja usiisahau. Ya kwako inatakiwa iwe ya wati 65, volti 19.5. HP huwasiliana na chaja kupitia pini nyembamba ya katikati, na ikiona haitambui au ni ya wati chache, inaweza kupunguza kasi ya prosesa. Uzito ukiondoka unapochomoa chaja na kubaki na betri, tafuta chaja nyingine ya kujaribia kabla hujagusa kitu.

Tuseme ni joto. Leo hii, bila kufungua kitu, itoe kwenye godoro. Mashine hiyo inavuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni, na godoro linaziba tundu la kuvutia. Iweke juu ya meza, na chini ya miguu ya nyuma weka vizibo viwili vya soda kila upande, ili hewa ipite. HP huandika kwamba mashine hizi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Karibu na dirisha linalopigwa jua mchana unavuka hapo bila kujua.

Halafu ingia Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani ya mpango wa umeme, Processor power management, na Maximum processor state uishushe kutoka 100 hadi 99. Asilimia moja inaonekana si kitu, lakini inazima ile kasi ya ziada, prosesa inabaki chini ya 2.4 na joto linashuka sana. Ni nafuu ya muda, na pia ni kipimo: kuganda kukikoma kabisa, joto limekiri lenyewe. Ripoti yako unaweza kuimalizia hivyo hivyo, ufungue mashine baada ya kuikabidhi. Hilo ndilo ningependa ufanye.

Siku ya kufungua, zima huku umeshikilia Shift unapobonyeza Shut down, ili izime kabisa na isijihifadhi nusu. Chomoa chaja. Geuza, legeza skrubu za mfuniko. Zimefungwa humo humo hazitoki, kwa hiyo usizilazimishe. Pitisha kadi ya plastiki pembeni kuachanisha mfuniko. Bisibisi ya bapa itakula plastiki.

Kwanza macho kwenye betri. Ikiwa imevimba, au umeona tachipedi imeinuka na kuwa ngumu kubonyeza, simama hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, mashine isitumike hadi ibadilishwe. Ikiwa bapa, chomoa kiunganishi chake kwa kukishika chenyewe bila kuvuta nyaya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilichopo karibu kabla ya kugusa bodi.

Sasa feni. Watu wengi wanapuliza kwa nje, kwenye tundu la ubavuni, wanaona vumbi kidogo linatoka na kuridhika. Hawajafanya kitu. Mzigo uko kati ya feni na mapezi ya hitisinki, vile vibati vyembamba vinavyopulizwa na feni: nyuzi za nguo, nywele na vumbi jekundu vimeshikana vikawa kama kipande cha blanketi, kimelala mdomoni mwa mapezi. Ukipuliza kwa nje unakisukuma kirudi kwenye feni, na ukiwasha kinarudi palepale. Fungua skrubu za feni, iinue, na ukitoe kwa vidole au kibanio. Mara nyingi kinatoka kizima kizima. Kisha brashi laini kwenye mapezi, na blowa kwa umbali, pangaboi likiwa limezuiwa kwa kijiti cha meno. Likizungushwa ovyo kwa upepo mkali, beringi zake zinaumia na linazalisha umeme kurudi kwenye bodi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na usiende gereji kwa kompresa ya matairi, hewa yake ina maji na mafuta.

Zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa ijiendee kidogo kisha isimame taratibu. Ikikwaruza au ikisimama ghafla, inunuliwe nyingine. Na ikitokea siku mashine inawaka na kuandika kosa la 90B, ni feni hiyo hiyo inalalamikiwa.

Kama vumbi lilikuwa hivyo na joto lako lilikuwa la kupanda polepole, funga, upime tena. Pesti usiiguse. Kufungua hitisinki bila sababu ni kujitafutia kazi.

Lakini kama joto lilikuwa la kuruka, basi ni pesti. Iwashe kwanza dakika tano kabla ya kuifungua, pesti ya zamani ilainike. Chomoa betri tena, kisha legeza skrubu za hitisinki kwa kupishana pembe kwa pembe, nusu mzunguko kila moja. Nyingi zina namba zilizochongwa, na kulegeza huanzia namba kubwa kurudi kwenye ndogo. Inua taratibu ukizungusha kidogo. Utakachokuta chini ni silikoni tupu, yaani prosesa yenyewe, inang'aa, haina kifuniko cha chuma cha kuilinda. Kona yake ikibanjuka, mashine imekufa, na hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoua bodi halafu wanakuambia ilikuwa imeshakufa. Kwa hiyo hakuna kukwangua kwa bisibisi wala wembe. Kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, unafuta hadi kitambaa kitoke cheupe, silikoni na shaba vyote viwili.

Pesti mpya, nusu punje ya mchele inatosha. Itandaze kwa kipande cha plastiki hadi ifunike silikoni yote kwa utando mwembamba, kwa sababu kazi yake ni kujaza mianya midogo tu. Ikiwa nene inazuia joto. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zote ni nzuri. Pesti ya kijivu ya kopo kubwa isiyo na jina, hapana. Dawa ya meno, hapana, inakauka. Pesti ya metali ya maji, hapana kabisa: inapitisha umeme na inakula aluminiamu. Ukikuta vipande laini vya mpira vinavyogusana na chipu nyingine, virudishe vilivyo. Unene wake umepimwa, na kuweka pesti badala yake kunaacha pengo. Kaza skrubu kwa mpangilio wa namba, 1, 2, 3, 4, kidogo kidogo hadi zote zishike.

Rudisha betri, funga, rudisha ile 99 iwe 100, na upime kwa kazi ile ile, nusu saa ile ile. Feni iliyokuwa imezibwa ikisafishwa, kushuka kwa nyuzi 10 hadi 20 ni jambo la kawaida. Ikiwa bado inaruka hadi 97, gusa bomba la shaba upande wa mapezi punde tu baada ya kuizima na kufungua: likiwa la baridi wakati upande wa prosesa unaunguza, bomba limekufa kwa ndani na dawa ni hitisinki nyingine ya modeli hiyo hiyo. Muulize muuzaji kama ni ya mashine yenye kadi ya picha ya AMD au isiyo nayo, maana hazifanani.

Mtu akikuambia dawa ni kuweka Windows 11, mwache. Prosesa za kizazi cha sita hazimo kwenye orodha ya Microsoft, na vumbi haliondoki kwa programu.

Nitumie WhatsApp picha ya HWiNFO baada ya nusu saa, safu ya Maximum ionekane, na picha ya CrystalDiskInfo. Uniandikie pia kama joto liliruka au lilipanda polepole. Bisibisi isubiri hadi nikujibu.

Mama yako