Usijiandikie barua ya mwalimu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila bibi yako na goti lake lilelile.

Ujumbe uliotuma kwa simu ya matroni nimeusoma mpaka baba yako akaniuliza kama kuna msiba. Eti umemwomba mwalimu wa Fizikia barua ya kukupendekeza kwenye vyuo vya Marekani, naye kakwambia, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Na wewe umefurahi!

Usiandike. Najua kwetu ndivyo wengi wanavyofanya. Lakini huko Marekani anayesoma insha yako ndiye atakayesoma na barua ya mwalimu, na maneno ya mtu mmoja kwenye karatasi mbili hayajifichi. Halafu mwishoni unathibitisha kwamba yote uliyotuma ni ya kweli. Utathibitisha nini?

Mwalimu mwenyewe si mvivu, ana mikondo minne. Mpe karatasi moja yenye majina ya vyuo, tarehe, na mambo aliyoyaona kwa macho yake, kama ile saketi iliyowashinda maabara nzima, ukaitengeneza huku ukiwaelekeza wenzio. (Nilijisifu sokoni wiki nzima.) "Hodari na mwenye nidhamu" kila mtu anaandikiwa.

Mwaliko wa Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo, utaingia kwenye barua pepe yake. Apakie mwenyewe. Hata akikuomba umfungulie, msindikize chumba cha kompyuta, ukae pembeni. Chuo cha MIT wanataka mwalimu mmoja wa hesabu au sayansi, na mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Kwa hiyo yule wa GS (General Studies) uliyekuwa ukimkwepa, kamsalimie leo.

Utaulizwa pia kama unaiacha haki ya kuzisoma barua hizo. Ipo sheria yao ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuliona faili lake akishaingia chuoni. Iache. Ukiing'ang'ania watadhani mwalimu aliandika huku umemsimamia.

Harvard, wanaowahi kuomba mwisho wao ni tarehe 1 Novemba, waombaji wengine 1 Januari. Desemba usiihesabu, shule ikifungwa walimu wanakwenda kwao.

Baba yako alitaka diwani ndiye akuandikie. Nikamuuliza, diwani alikusahihishia daftari lini? Kanuna mpaka leo.

Mwalimu akishikilia neno lake, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, hata aya mbili za kwako zinanitosha." Akikataa, nenda kwa wa Hesabu. Kujiandikia, hapana. Na usimpelekee zawadi kabla hajaandika, shukrani zitakuja baadaye.

Mbuzi kazaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Bati la jikoni limetobolewa tena na embe, fundi anataka hela yote kwanza.

Sabuni, sukari na shilingi 20,000 anazo dereva aliyeleta barua hii. Hesabu mbele yake. Anarudi Ijumaa, mpe majibu, uniambie mwalimu kasemaje.

Mama yako